Shingo ya Uwineza

Swafiya binti Maneno aliosha maiti za wanawake wa Biryogo miaka mingi sana, kiasi kwamba wasichana waliokuwa wakimkimbia njiani utotoni walikuja kuwa mama wa watu, na bado wakawa wanampisha kwa mbali. Hakuwa na sura ya kutisha. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili, na kila asubuhi alikaanga sambusa mbele ya nyumba yake na kuwauzia mafundi cherehani wa kichochoro kile. Baba yake, mzee Maneno, alitoka Ujiji na bidhaa za tajiri mmoja wa Kiarabu, akafika Kigali, akaoa Mnyarwanda, akasahau kurudi. Swafiya alirithi kwake Kiswahili cha kujibu watu na moyo usiotetemeka ovyo. Mama yake alipokufa, waoshaji waliokuwa wameitwa walichelewa, naye akiwa msichana tu akakunja mikono ya gauni akaianza kazi mwenyewe. Walipofika walikuta kazi imekwisha, tena imefanywa vizuri kuliko yao, na tangu hapo wakawa wanamwita yeye.

Kazi hiyo ina sharti moja, na sharti hilo ndilo lililokuja kummaliza. Muosha hasemi alichokiona. Akitoka chumbani, awe amekuta nini huko ndani, hujifuta mikono na kusema: "Muzuri, amelala tu." Basi. Swafiya alikuwa amekuta makovu ya pasi kwenye mapaja, mimba ambazo waume hawakuzijua, madonda ambayo majirani wangeyazungumza mwaka mzima, na yote aliyameza. Kwa ajili hiyo wanawake wa Biryogo walimpenda. Walijua siku yao ikifika watakuwa mikononi mwa mtu asiyewaanika. Ubao wa kuoshea, ndoo na mabirika ya shughuli hiyo vilikuwa mali ya chama cha wanawake wa msikitini, lakini vilikaa uani kwake, kwa sababu hakuna aliyefikiri vingeweza kukaa pengine.

Mwaka wa tisini na moja, vita vimeshaanza kaskazini na mji umejaa askari, aliitwa nyumbani kwa Mama Usumani.

Mama Usumani alikuwa mjane wa mchinja nyama, mwanamke wa kujivuna, mwenye maneno matamu na macho makavu. Alikuwa na watoto wawili wa kiume. Mkubwa, Usumani, aliendesha lori la kwenda Mombasa, na nyumbani alionekana kwa nadra kama mgeni. Mdogo, Kasimu, hakuendesha chochote. Alikaa nyumbani akila na kulala, na mama yake alimpenda huyo kuliko yule aliyewalisha wote wawili, mambo ambayo tumeyaona katika nyumba nyingi na hatujayaelewa bado. Usumani alikuwa amemwoa binti wa Kikristo kutoka Kagarama, jina lake Uwineza. Alisilimu, akapewa jina la Mariyamu, lakini hata mkwe wake aliendelea kumwita Uwineza, na hakumwita kwa upendo.

"Ameteleza bafuni," Mama Usumani alimwambia Swafiya mlangoni. "Amepiga kichwa. Fanya haraka, dada, tumuzike kabla ya adhuhuri. Maiti hangojwi."

"Na mama yake wa Kagarama?"

"Tumetuma mutu."

Swafiya aliingia na Hamida, mwenyekiti wa chama, aliyekuwa akimshikia birika siku zote. Wakafunga mlango, wakamfunua. Kichwani hapakuwa na jeraha hata la kutia kidole. Shingoni palikuwa na alama za vidole, nene, za mwanamume, zimekaa kila kimoja mahali pake. Vifundo vya mikono vilikuwa vimevimba, pale mtu anaposhikwa na kugandamizwa asiinuke, na kucha zilikuwa zimekatika. Mtu mmoja alimkaba, mwingine alimshika mikono. Na katika nyumba ile, Usumani akiwa safarini, palikuwa na watu wawili tu waliobaki hai.

Swafiya alimtazama Hamida. Hamida alitazama birika.

"Osha, dada," akasema. "Hiyo si kazi yetu."

Akaosha. Kwa hasira aliyokuwa nayo aliosha polepole zaidi, akamchana nywele, akamtia pamba na kafuri pale shingoni kama anayemfunga kidonda, akamvika sanda. Alipotoka aliwakuta wanawake wamekaa uani wakimngoja, na mdomo wake, uliozoea, ukasema wenyewe: "Muzuri, amelala tu." Kwa hilo alijichukia mpaka mwisho.

Mukankusi, mama wa marehemu, alifika makaburini wakati udongo unasawazishwa. Mtu wa kumwita alikuwa ametumwa, ndiyo, ila alitumwa kwa kuchelewa na akaambiwa atembee. Mama yule alikuwa mrefu, mkimya, amevaa kitenge cha kanisani, na mkononi ameshika viatu vya bintiye alivyodhani atazikwa navyo. Aliomba aone uso wa mtoto wake mara moja tu. Kasimu akamjibu kwa adabu nyingi kwamba kwa dini yetu kaburi likishafunikwa halifunuliwi. Alisema kweli, mshenzi yule, na watu wakatikisa vichwa kukubali.

Huenda Swafiya angenyamaza kama alivyonyamazia mengine. Lakini siku ya hitima, Mama Usumani alisimama mbele ya wanawake na sahani ya pilau mkononi, akasema binti alikuwa mzembe, akivaa ndala zilizoisha, na kwamba yeye kama mkwe alimwonya mara nyingi. Mzembe! Swafiya alijisikia damu inampanda masikioni. Kuficha alikuwa tayari. Kusikiliza maiti akitukanwa na aliyemuua, hapana. Aliacha pilau yake bila kuigusa akaenda zake.

Baada ya hapo Mukankusi akaanza kuja. Alitoka Kagarama kwa miguu, akaketi kwenye kizingiti cha Swafiya, hakula sambusa, hakunywa chai.

"Mimi Kiswahili yangu iko kidogo," alisema. "Mama, weye ndiye mutu ya mwisho kugusa mutoto yangu. Mimi sikumuona. Niambie tu alikuwa namna gani."

Siku nyingine alikaa tu mpaka jioni, kisha akarudi kwa miguu. Mwamini, binti pekee wa Swafiya, alimpitia mgeni huyo akiingia na kutoka, akamwonea huruma, akasema, "Mama, mwambie kitu basi." Hilo Mwamini alikuja kulisahau, au alijifanya amelisahau.

Swafiya alikwenda kwa sheikhe mmoja mzee wa mtaa ule akamuuliza bila kutaja majina. Mzee akamjibu bila kusita kwamba sitara imewekwa kuficha aibu ya maiti, na kuuawa si aibu yake. Tena akamwambia mtu aliyeona dhuluma anatakiwa ashuhudie. Kwa hiyo Swafiya akapiga moyo konde, akaenda kwa mwendesha mashtaka akaeleza yote. Kumbe sababu nayo ilikuwapo na mtaa mzima uliijua: Kasimu alikuwa akiingia chumbani kwa shemeji yake kaka akiwa njiani, na Uwineza alikuwa amesema wazi kwamba lori likifika tu atamwambia mumewe. Lori lilikuwa limebakiza siku chache.

Kesi ya kwanza ilisimama juu ya maneno ya Swafiya peke yake. Daktari hakuuona mwili, na kaburi lilipofikiriwa kufukuliwa muda ulikuwa umeshapita. Aliulizwa, akajibu. Alionyesha kwa vidole vyake mwenyewe, shingoni mwake mwenyewe, pale mbele ya watu. Kasimu na mama yake wakahukumiwa kifungo cha maisha, wakapelekwa gerezani, na siku hiyohiyo wakakata rufaa. Usumani alilia sana, hakuna aliyejua anamlilia nani, kisha akapanda lori lake akaenda Mombasa, akaoa huko.

Hapo ndipo Swafiya alipowajua wanawake wenzake.

Hawakumpigia kelele. Wangempigia angewajibu, na kwa maneno hakuna aliyemweza. Walikuja Hamida na wenziwe mchana mmoja, wakamwamkia vizuri, wakaubeba ubao, ndoo na mabirika. Hamida akasema vitakaa kwake kwa sasa. Mwingine, akiwa amebeba mabirika kichwani, akageuka mlangoni.

"Tulikuwa tunavua nguo mbele yako tukiwa tumekufa," akasema. "Sasa utatusema kortini tulikuwa namna gani?"

"Kwani weye umekabwa na nani mpaka uogope?" Swafiya akamuuliza.

Lakini walikuwa wamekwisha kwenda. Sambusa hazikununuliwa tena. Mafundi cherehani, ambao wake zao ndio waliowapikia, waligundua kwamba sambusa humletea mtu kiungulia. Idi ikaja, hakuna sahani hata moja iliyovuka kizingiti chake. Mtu mmoja, tena mtu mzima, alitia majivu kwenye unga wake alipougeuzia kisogo. Na yule sheikhe mzee, watu wa Kasimu walipomwendea kumuuliza kama ni kweli alimruhusu, akasema amezeeka, hakumbuki. Swafiya alipoambiwa hilo alicheka kicheko chake kikubwa, halafu akaingia ndani akalia.

Angeyavumilia hayo. Nasema angeyavumilia kwa sababu alikuwa na kichwa kigumu na alijua anachokijua. Kilichomvunja ni kifua cha Mwamini.

Kilianza kwa kikohozi cha kawaida. Mwaka wa tisini na tatu ulipofika katikati, binti yule aliyekuwa akibeba debe la maji bila kulishika alikuwa hawezi kuvuka ua bila kupumzika. Kabla ya kesi zote hizo alikuwa ameolewa Bujumbura, akaachwa, akarudi, na ugonjwa ukiwa umejificha ndani yake. Hospitali walimpa dawa, wakamwambia arudi. Akarudi, wakampa dawa zilezile. Majirani waliusema ugonjwa wake kwa jina lingine, wakiziba midomo kwa ncha za mitandio. Hakuna aliyeingia kumjulia hali. Mwamini alikaa kwenye mkeka akisikiliza watu wanavyopita nje bila kupunguza mwendo, na kilichokuwa kikimtisha hakikuwa kufa.

"Nitaoshwa na nani?" alimuuliza mama yake.

"Usiseme hivyo."

"Nakuuliza. Nitaoshwa na nani?"

"Mimi nipo."

"Weye pekee yako. Nani atakushikia maji? Nani atanigeuza? Utaniburuta sakafuni? Na wanaume watakaonibeba watatoka wapi, kama wake zao hawaji?"

Swafiya alivuta shuka akamfunika miguu. Alikuwa ameona mara moja tu maiti aliyesusiwa, mama mmoja mlevi aliyezikwa na watu wasiojaza hata upande mmoja wa jeneza, na Mwamini alikuwa ameona naye, mtoto mdogo ameshika kanga ya mama yake. Kuzikwa hivyo kwetu ni kuambiwa hukuwahi kuwa mtu. Kila mmoja Biryogo alilijua hilo, na ndiyo maana walilitumia.

Rufaa ilipokaribia kusikilizwa, Hamida alikuja. Alikuja adhuhuri, amevaa vizuri, ameleta maziwa ya mgonjwa. Aliketi, akamtazama Mwamini kwa muda, akampa pole. Kisha wakatoka uani yeye na Swafiya.

"Mama Usumani anakusalimia kutoka gerezani," Hamida akasema. "Anasema weye ni mama, yeye ni mama. Macho ya mutu yanaweza kukosea. Chumba kilikuwa na giza, maji yalikuwa mengi. Ukisema hivyo tu, hakuna atakayekulaumu. Na siku ya Mwamini tutakuja sisi wote."

"Mwamini hajafa."

"Najua. Nimesema siku yake."

Swafiya alimkaribia mpaka wakapumuliana. "Hamida. Weye ulikuwa umeshika birika. Uliona."

"Mimi niliona maji," Hamida akajibu, akachukua mkoba wake akaondoka.

Mwamini alikuwa amesikia. Kuta za nyumba ile zilikuwa za udongo na dirisha halikuwa na kioo. Mama yake alipoingia alimkuta amegeukia ukutani.

"Utasema," Mwamini akasema.

"Mwanangu, walimuua. Walimshika mikono."

"Uwineza alikuwa nani kwako? Alikuwa mutoto wako? Ulimnyonyesha?" Akakohoa mpaka akashika mbavu, kisha akaendelea, na sauti yake haikuwa ya binti anayeomba. Ilikuwa ya chuki. "Yeye ameshakufa, na aliogeshwa vizuri, na alibebwa na watu. Mimi ndiye unayenitupa. Ukienda kule ukasema ulivyosema, usirudi kunigusa. Niache nioze hapa."

Mtu akisema Swafiya alikuwa dhaifu, namwomba akae kwanza kwenye mkeka ule.

Korti ya rufaa ilijaa. Mama Usumani aliletwa amekonda, amevaa nguo za gereza, na alijua kukonda kwake kunampendeza. Kasimu alikuwa amenenepa. Mukankusi alikaa mbele kabisa, na Swafiya alipoitwa, mama yule alimtolea tabasamu dogo la kumtia moyo, kwa sababu katika nchi nzima mtu wake alikuwa huyo mmoja.

Jaji mkuu akamwambia aeleze alichokiona. Swafiya alisimama akitazama meza.

"Chumba kilikuwa na giza," akasema. "Maji yalikuwa mengi. Nilidhani nimeona."

Minong'ono ikazuka. Jaji akagonga meza.

"Ulidhani? Kwenye korti ya kwanza ulionyesha vidole, kimoja kimoja. Sasa unatuambia ulidhani?"

"Nilikosea, Mheshimiwa."

"Hizo alama hazikuwepo?"

Kabla hajajibu, wakili wa wakata rufaa, Maître Léonidas, alisimama taratibu, akavuta mikono ya joho lake.

"Mheshimiwa, mama huyu tusimwonee. Ni muosha maiti. Anaingia kwenye vyumba vya giza na wafu, akitoka ana habari. Leo ameona vidole, kesho ataona majini." Watu wakacheka. Akamgeukia. "Mama, jibu tu swali. Uliona alama, au hukuona?"

"Sikuona."

"Sema kwa sauti."

"Sikuona kitu!"

Mukankusi hakulia. Alikunja uso tu, kama mtu aliyeongeleshwa kwa lugha asiyoijua, akamgeukia jirani yake amfafanulie. Mwendesha mashtaka alitupa kalamu mezani. Jaji alimkaripia Swafiya mbele ya umati, akamwambia kwamba kwa ulimi wake watu wawili wamekaa gerezani bure, kwamba sheria inamruhusu amfunge yeye badala yao, na kwamba anamwacha kwa sababu ya umri wake na ujinga wake tu. Swafiya, ambaye hakuwahi kuitwa mjinga na mtu, mtu huyo akabaki na raha yake, akasema, "Asante, Mheshimiwa." Hukumu ikafutwa. Kasimu alitoka akipunga mikono juu, na nje wanawake wa Biryogo wakapiga vigelegele.

Jioni ileile sahani zikaanza kuvuka kizingiti. Wali, nyama, maandazi, supu ya mgonjwa. Waliingia kwa zamu, wakambadilishia Mwamini mkeka, wakamsuka, wakamwimbia kaswida. Hakuna aliyetaja korti. Mwamini alipata rangi kidogo usoni, akawa anacheka nao, na mama yake alipomletea maji alimshika mkono akambusu kiganja. Swafiya alikaa pembeni akiwaangalia watu hao wema. Moyoni aliwatukana mmoja mmoja kwa majina, na kwa mdomo akawashukuru.

Mwamini alikufa Januari ya tisini na nne, asubuhi, siku ambayo barabara ya mjini ilikuwa imefungwa kwa magogo na vijana wenye marungu. Wanawake walifika hata hivyo. Waliuleta ubao, wakauweka chumbani, na wakaja wengi kiasi kwamba ilibidi wengine wangoje nje. Ahadi yao waliitimiza, siwezi kuwanyima hilo.

Swafiya alikunja mikono ya gauni, akasema bismillahi, akanyoosha mkono nyuma apewe maji. Birika likafika mkononi. Mkono uliolishika haukuwa wa Hamida.

"Leo nimesema nitakumwagia mimi," Mama Usumani akasema kwa upole. "Kwa yote uliyotutendea."

Chumba kizima kilikuwa kinatazama. Swafiya alimtazama mwanawe juu ya ubao, kisha yule mwanamke. Angeweza kumtoa nje. Wote wangetoka naye, na Mwamini angebaki peke yake, nusu amelowa, na kila kitu kingekuwa kimefanywa bure.

"Mwaga," akasema.

Mama Usumani akamwaga. Na alipohitajika mtu wa kumgeuza maiti ubavu, yeye ndiye aliyeingiza mikono chini ya shingo ya Mwamini, akamwinua vizuri, kwa uangalifu mwingi, wala hakumwumiza. Swafiya aliendelea kuosha. Walipomaliza wakatoka uani, na Mama Usumani, akijifuta mikono, akawaambia waliokuwa nje kwamba ni mzuri, amelala tu.

Mukankusi alikuja siku ya tatu ya msiba. Kutoka Kagarama hakukuwa kwepesi siku zile. Alisimamishwa na kuulizwa kitambulisho mara kadhaa, na alikuwa na kikapu cha maharagwe kichwani, maana mtu haendi msibani mikono mitupu. Wanawake walipomwona wakasogea kumpisha. Alikitua kikapu, akampa Swafiya mikono yote miwili, akamshika mabega kama wafanyavyo watu wa kwao, wakakaa mkekani. Mama Usumani alikuwa hatua chache tu, akigawa chai.

"Pole na mutoto," Mukankusi akasema. "Mimi najua."

"Asante, mama."

"Sikuja kwa ugomvi." Alisema polepole, akitafuta maneno ya Kiswahili moja moja ili wote wasikie kwamba hana hila. "Korti ya kwanza ulisema moja. Korti ya pili ukasema ingine. Korti imeisha, mimi sina nguvu tena. Lakini kila siku naomba Mungu aue batu hawa wawili. Kama walimuua mutoto yangu, nitaendelea. Kama hawakumuua, mimi iko na dhambi kubwa sana. Sasa niambie mimi, si korti. Weye umezika mutoto jana juzi, huwezi kunidanganya. Uliona?"

Birika la chai lilikuwa limesimama hewani. Hamida alikuwa ameangalia chini. Wanawake wote waliokuwa wamemwosha Mwamini, waliompikia, waliokuwa wamebakiza siku nyingi za kumsomea, walikuwa wamegeuza nyuso zao kwa Swafiya, na hakuna uso hata mmoja uliokuwa na swali. Alikuwa na miaka ya kuishi mbele yake katika kichochoro kile, na hakuwa na mtu mwingine. Siku yake mwenyewe ingefika, naye angetaka kubebwa.

"Sikuona kitu, mama," Swafiya akasema. "Alikuwa muzuri. Alikuwa amelala tu."

Mukankusi aliziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Mabega yake yakashuka, na kwa mara ya kwanza tangu Swafiya amjue, mama yule akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Akainuka. Akavuka ua mbele ya watu wote mpaka aliposimama Mama Usumani na birika lake, akapiga magoti kwenye udongo, akaishika miguu yake kwa mikono miwili.

"Nisamehe," akasema. "Nisamehe, mama. Nimekufunga bure. Nimekulaani bure, weye na mutoto yako."

Swafiya alifungua mdomo. Niliambiwa na waliokuwepo kwamba aliufungua kabisa, wakadhani atapiga ukelele, na hakikutoka kitu.

Mama Usumani akaliweka birika chini. Akainama, akamwinua Mukankusi, akamfuta machozi kwa mtandio wake mwenyewe.

"Simama, mama. Sisi tulishasamehe zamani," akasema. Kisha akageuka. "Mama Mwamini, mupatie mugeni chai."

Swafiya akainuka, akamimina chai, akatia sukari, akampelekea. Mukankusi akanywa yote, akashukuru. Alipokuwa anajifunga kitenge ili aondoke, akamwomba Swafiya amwelekeze kaburi la Mwamini lilipo, ili kila atakapokwenda kumwona Uwineza apite na kwake pia. Swafiya akamwelekeza.